Kikomo cha Sauti 24: Kuhuisha Moduli za Zamani kwa Sampuli za Leo



Mpiga kinanda akibonyeza noti moja, kikasikika kikundi kizima kikiimba "aaa" bila mtu kufungua mdomo, hiyo ni sauti namba 53. Namba hiyo ilipangwa mwaka 1991, katika orodha ya sauti 128 iitwayo General MIDI, ili wimbo uliotengenezwa kwenye chombo kimoja upigike kwenye kingine. Mwaka huohuo kampuni ya Roland ikatoa moduli ya Sound Canvas SC-55, kisanduku kinachopokea amri za kinanda au kompyuta na kutoa sauti hizo.

Visanduku hivyo sasa vimezeeka, na vijana wa studio wanavihamishia kwenye laptopu. Unapiga noti, unairekodi kwa nguvu mbalimbali, unasogea noti nyingine, mwisho unazipanga rekodi hizo ziwe maktaba ya sampuli. Kazi inachosha, lakini haina uchawi.

Ugumu uko kwingine: kuhamisha na mipaka ya vyombo hivyo. Kinanda cha Korg M1 cha mwaka 1988 kilikuwa na megabaiti 4 tu za sauti zilizorekodiwa. Picha moja ya simu huweza kuzidi hapo. Kwa uhaba huo mafundi walihifadhi mlio wa mwanzo, nyundo ya piano inapogonga waya, kisha kipande kifupi kikarudiwarudiwa mpaka kidole kiondoke. Uhaba ndio uliozaa ladha tunayoitafuta leo.

Ukizirekodi noti peke yake, unaibeba sauti na kuiacha tabia. SC-55 hutoa sauti 24 kwa pamoja. Ya 25 ikija, mojawapo hunyamazishwa. Besi, ngoma na "kwaya" zikigombea nafasi, mikia ya noti hukatika na wimbo ukapumua. Maktaba ya kisasa kwa kawaida hainyamazishi kitu, na wimbo uleule unajaa kama gari la abiria la Noah siku ya mnada. Kwa hiyo vijana, wekeni kikomo cha sauti 24 kwenye programu yenu. Wala msikimbilie maktaba za bei kali: muundo wa SoundFont, uliokuja na kadi za sauti za miaka ya 1990, unapigika bure hata kwenye laptopu kuukuu.

Orodha ile ya General MIDI hata hivyo inanikera. Fidla na ndugu zake wa Ulaya wamepewa namba nne mfululizo, 41 hadi 44. Ilimba, ala ya vijiti vya chuma ya Wagogo, majirani zetu hapa wilayani Iramba, haimo. Iliyo karibu nayo ni kalimba, namba 109. Ilimba ya mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ilikuwa na vijiti vya chuma visivyoguswa kamwe, vinavyotetemeka vyenyewe vingine vikipigwa. Namba 109 haina mtetemo huo.

Tuirekodi ilimba wenyewe. Kila noti mara mbili: kwanza vijiti vyote vikiwa huru, kisha vingine vikiwa vimebanwa kwa kitambaa, ili mpigaji aamue baadaye achanganye mtetemo kiasi gani. Studio ya mjini si lazima. Chumba kitupu cha saruji hakifai, kinarudisha mwangwi. Ghala lililojaa magunia ya alizeti linaumeza, na maghala hayo hapa Iramba hayakosekani baada ya mavuno.