Bomba Kuukuu: Kuliziba au Kulibadili?



Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndivyo walivyotufundisha wazee wetu. Lakini upo ukuta uliozibwa nyufa hata pasibaki mahali pa kuziba. Ndipo zilipofikia jumuiya zetu nyingi kuhusu mabomba ya maji yaliyofukiwa ardhini. Tuendelee kuyaziba, au tulaze mapya?

Mwaka 1971 nchi yetu, Tanzania, ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ili ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo halikutimia lote, lakini mabomba mengi yalilazwa. Kazi hiyo twaiheshimu; hata hivyo heshima yetu haizuii chuma kuliwa na kutu.

Kabla ya kubishana, tujue kwanza. Bomba lipasukapo, iandikwe tarehe, mahali na gharama. Usiku, koki zote zikiwa zimefungwa, mita ya bomba kuu isomwe mara mbili: ikiwa imesonga, maji yanapotea njiani. Uvujaji wa lita 1 tu kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita 20. Tena, maji yakatikapo, uchafu wa ardhini huweza kuingia kwa tundu lile lile, nasi tukanywa maradhi.

Bomba likipasuliwa na jembe, huku sehemu nyingine zote ni nzima, lizibwe. Lakini likipasuka mara kwa mara katika kipande kile kile, na chuma chake kimekuwa chembamba hata ukiziba hapa linafumuka pale, kuziba si kubana matumizi tena. Ni kulipa deni lisilokwisha. Wala si lazima kubadili njia nzima kwa mara moja. Tuanze na kipande kibovu zaidi, na bomba jipya lilazwe kando ya la zamani kabla ya kulikata, watu wasikose maji. Palipo na bomba la asbesto, lisikatwe ovyo, kwani vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Lakini haki inatuuliza neno jingine: anayeamua ni nani? Akaaye karibu na tenki hupata maji hata bomba likivuja. Kwake kiraka chatosha. Akaaye mwisho wa njia hulipia kiraka hicho kwa kichwa chake, na mara nyingi ni mama, au binti anayechelewa shule. Gharama hiyo haimo katika daftari lolote. Tukilinganisha bei ya bomba jipya na bei ya kiraka bila kuhesabu saa zao, hesabu yetu ni ya uongo.

Basi, viongozi wa walei, katika mkutano wa chombo cha watoa huduma ya maji tuombe mambo matatu: daftari la mapasuko lisomwe hadharani; ijulikane ni fedha kiasi gani zimewekwa akiba kwa ajili ya mabomba mapya; na wakazi wa mwisho wa njia wasemwe na vinywa vyao wenyewe, tena wa kwanza. Nasi tulipe ankara zetu kwa wakati, maana asiyechangia hana uso wa kudai.