Umeme Usiotakiwa Katika Spika
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mpanda)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa kwanza laonekana kuwa la mafundi tu, wala si la makarani. Lakini nani kati yetu asiyejua taabu ya mkutano ambao spika imenyamaza kabla mgeni hajafungua kinywa? Tena aulizwaye fedha za spika mpya si fundi, ni mweka hazina.

Umeme uchukuao sauti huenda na kurudi mara nyingi sana katika sekunde moja. Kwa mwendo huo karatasi ya spika husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, nasi tukasikia. Umeme wa betri hauna tabia hiyo. Hushika njia moja tu. Ukiingia katika spika huisukuma karatasi upande mmoja na kuishikilia pale, kisha kazi yake yote ni kuupasha moto ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma yake.

Huku kwetu Katavi, kutoka Inyonga hata Karema, wengi huendesha amplifaya kwa betri ya gari ya volti 12. Katika nyingi za amplifaya hizo, mahali sauti itokapo pana volti kama 6 wakati wote, yaani nusu ya betri, hata pasipo asemaye. Sauti hupanda juu ya hizo 6 na kushuka chini yake. Spika ya omu 4 ikifungwa hapo pasipo kizuizi hupitisha karibu ampea 1.5, ndiyo joto la wati 9 bila neno hata moja kusemwa.

Kizuizi chake ni kapasita. Ndani yake mna mabamba mawili yasiyogusana. Umeme wa njia moja huijaza, kisha husimama. Ule wa kwenda na kurudi huijaza na kuimwaga pasipo kukoma, na upande wa pili huupokea kila msukumo. Upepo haupiti katika ngozi ya ngoma, lakini pigo hupita.

Ukubwa wake ni jambo la kuangaliwa. Kwa spika ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 1,000 hupitisha sauti nzito hata mitikisiko kama 20 kwa sekunde. Ukitia ya 100, mpaka wapanda hata 200, na sauti ya mwanamume hukonda kama asemaye ndani ya debe. Iwe ya volti 16 au 25, na upande wa chanya uelekee amplifaya. Ikigeuzwa huvuja, hupata moto, hata kupasuka.

Wako mafundi ambao kapasita ikifa huitoa na kuunga waya mtupu mahali pake. Siwatukani, maana bila wao tungekuwa kimya siku nyingi. Sauti hurudi, ingawa na mikwaruzo, mwenye mali hulipa na kushukuru. Spika ifapo baadaye, lawama huangukia spika. Basi kabla ya kulipa, ombeni mita, spika ikiwa imefungwa na pasiwe na sauti, mpime volti za njia moja katika nyaya zake mbili. Sindano ikae karibu na sifuri. Ikionyesha 6, msitoe fedha.

Taabu hii si ngeni. Redio za valvu, kama ile ya sufuria iliyotolewa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1949, ziliilinda spika kwa transfoma. Adui katika redio za valvu alikuwa kapasita ndogo iliyotangulia valvu ya mwisho: ilipovuja, valvu ilinywa umeme kupita kiasi, ikafa, na betri ya fedha nyingi ikaisha upesi.

Redio nyingi za magari za siku hizi hazina kapasita hiyo ya spika, wala fundi asilaumiwe. Nyaya zote mbili za spika zina volti 6, na baina yao hapana tofauti. Lakini waya mmoja ukifungwa kwenye bodi ya gari, kama walivyozoea watu wa redio za zamani, volti 6 zote hupata njia, na redio yenyewe yaweza kuungua. Nyaya hizo ziende kwenye spika peke yake.

Mita ya chama iko kwa mweka hazina. Mwenye amplifaya na ailete tuipime.