Kuondoa Uchafu Sugu katika Rangi ya Motokaa



Jambo nitakalolieleza leo laweza kuonekana dogo, lakini mtu aliyenunua motokaa kwa akiba ya miaka mingi hatalidharau. Nataka kunena juu ya uchafu usiotoka kwa kuoshwa tu: vumbi jekundu lililoshikamana na rangi, matone ya lami, utomvu wa miti, na chembe za chuma zirukazo kutoka kwenye breki.

Wengi waonapo uchafu huo hukimbilia mchanga, majivu, au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Tafadhali acheni. Rangi ya kiwandani, tabaka zake zote pamoja, kwa kawaida ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikikwaruzwa mpaka kwenye bati, kutu huanza. Na kwa wenzetu wa Mombasa, ambako upepo wa bahari una chumvi, kutu haikawii.

Kwanza iweke motokaa kivulini hata bati lipoe. Imwagie maji mengi bila kusugua, ili mchanga uanguke wenyewe. Kisha osha kwa kitambaa laini toka juu kwenda chini, maana uchafu mbaya zaidi u karibu na magurudumu. Yafaa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Waosha magari wengi hutumia ndoo moja toka asubuhi hata jioni, na ile mikwaruzo ya mviringo ionekanayo juani ni kazi ya ndoo hiyo.

Lami haisikii sabuni. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, kiweke juu ya doa kwa dakika moja, futa polepole, kisha osha mahali pale kwa sabuni mara hiyo hiyo. Kazi hii ifanywe mbali na moto na sigara. Petroli msiitumie kabisa.

Gari likiisha kukauka, vaa mkononi mfuko mwembamba wa mkate, upapase rangi. (Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, lakini huo wa mkate wafaa.) Ukisikia mparuzo kama wa msasa, sabuni imefika mwisho wake. Hapo hutumika udongo maalumu wa kusafishia rangi, uliobuniwa Japani. Si udongo wa mfinyanzi! Kata kipande, ukande kiwe bapa, nyunyizia rangi maji ya sabuni, ukipitishe huku na huku bila kukandamiza. Kikichafuka, kikunje upate upande safi. Kikianguka chini kitupe, hata kama kilikugharimu, kwa kuwa mchanga ulionaswa humo utaichana rangi.

Udongo huo huondoa na nta iliyokuwako, hivyo paka nta mpya siku iyo hiyo. Maji ya mvua yakiacha kufanya matone juu ya bati, ipakwe tena.