Pikipiki ya Njia ya Masako

Ndugu zangu, mmeniuliza tuchukue pikipiki gani kwa kazi ya upatanisho huko Masako. Kutoka Kisangani ni kilomita kama 14 tu, kwa njia ya zamani ya Buta, lakini mvua ikinyesha kilomita hizo huongezeka.

Mimi nilipenda ile ya mapigo mawili. Ni nyepesi, watu wawili wanaivusha kwenye daraja la magogo, na fundi anaifungua chini ya mti. Shida ni kwamba oili yake huungua pamoja na petroli. Siku moja oili iliisha, nikaendelea na petroli tupu, pistoni ikashikana. Familia mbili zilizogombania shamba zilinisubiri. Nilipofika kwa miguu, jioni, upande mmoja ulikuwa umeondoka, wakisema nimenunuliwa na wenzao. Kuwarudisha kulichukua miezi.

Ya mapigo manne ni nzito, na ikizama mtoni utalia. Ila oili yake hukaa ndani ya injini, petroli ya chupa za njiani inatosha na haiishi haraka. Nachagua hiyo. Mkininunulia, oili nitaipima kila asubuhi.