Betri Isiyo na Mlinzi: Kuhusu Vifaa vya Kuvutia Mvuke Visivyo na Saketi
Maandishi ya mazungumzo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili



Katika nyumba nyingi za wazungumzaji wa Kiswahili nchini Marekani, mzazi huitambua sigara kwa harufu yake na shisha kwa mkaa wake. Bomba la shaba lenye urefu wa kiganja, lisilo na taa wala kioo, hulidhania tochi. Mazungumzo haya hayakukusudiwa kueleza madhara ya nikotini. Itoshe kukumbusha kwamba tangu Desemba 2019 sheria ya shirikisho inakataza mtu asiyetimiza miaka 21 kuuziwa bidhaa za tumbaku, sigara za kielektroniki zikiwamo. Linalozungumzwa hapa ni betri iliyomo ndani ya bomba hilo.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Idara ya shirikisho inayoshughulikia moto ilikusanya habari za matukio 195 ya sigara za kielektroniki kuwaka au kulipuka kati ya mwaka 2009 na 2016. Matukio hayo yalisababisha majeraha 133. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni, wala haikuwa mdomoni. Mei 2018 mtu mmjoja alifariki Florida baada ya kifaa cha aina hii ya kimakenika kumlipukia. Januari 2019 kijana wa miaka 24 alifariki Texas, mjini Fort Worth, baada ya kipande cha kifaa kilicholipuka kupasua mshipa mkubwa wa shingo.

Kifaa cha kimakenika ni bomba, betri, swichi na koili, basi. Mtumiaji akibonyeza, umeme wote ambao koili inaweza kuuvuta hupita bila kuulizwa. Kiasi chake hupatikana kwa hesabu ya darasani: volti zigawanywe kwa ukinzani. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4, mzigo ambao betri nyingi nzuri huubeba bila taabu. Koili ya omu 0.1, ambayo vijana huipenda kwa wingi wa moshi wake, itavuta ampea 42. Betri iliyoundwa kuhimili ampea 20 hapo imebebeshwa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Huanza kupata joto, joto huchochea kemikali za ndani, kemikali huzidisha joto, na ikishafika hapo haizimiki kwa kuachia swichi. Bomba lisilo na matundu ya kutolea gesi hugeuka kuwa mtutu.

Kifaa chenye saketi ya kudhibiti hutenda kinyume. Kabla ya kupitisha umeme hupima koili, na ikiwa ukinzani ni mdogo mno hukataa kuwaka. Hukata umeme baada ya sekunde chache hata kidole kikisahaulika kwenye swichi. Husimama betri inapokaribia volti 3, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyokamuliwa mno huharibika ndani na huweza kuwa hatari inapochajiwa tena. Betri ikiwekwa kichwa chini, kifaa bora hakiwaki.

Swali linaloulizwa na vijana wengi ni kama ulinzi huo unaweza kuongezwa kwenye bomba walilokwisha kulinunua. Jibu ni kwamba unaweza kwa kiasi, na mara nyingi si kwa namna wanayoidhania.

Njia ya kwanza ni betri yenye ulinzi wake, yaani iliyofungwa kibamba kidogo cha saketi kitakoni. Kibamba hicho hukata umeme kukiwa na shoti, na huzuia betri kujazwa au kukamuliwa kupita kiasi. Kasoro ni mbili. Huirefusha betri kwa milimita kadhaa, hata ikashindiliwa kwa nguvu ndani ya bomba, na betri iliyobonyezwa haifai tena. Vilevile nyingi haziruhusu mkondo mkubwa. Matokeo yake kifaa hukatika kila mara, na mwenye haraka hurudia betri isiyo na ulinzi. Aliyeona betri ikikataa koili yake angepaswa kubadili koili.

Njia ya pili ni fyuzi ndogo ya kuwekwa chini ya betri. Husaidia penye shoti, lakini haijui betri imebaki na chaji kiasi gani. Ni bora kuliko kukosa kabisa, na hapo sifa zake zinakoma.

Njia ya tatu huleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Wapo wanaofunga swichi ya transista ndani ya kisanduku na kutangaza kuwa kifaa kimekuwa salama. Transista hiyo huiokoa swichi ya kidole isiungue. Haipimi koili wala haipunguzi umeme. Kinachodhibiti ni kibamba kamili cha saketi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na kukifunga kunahitaji waya nene za kutosha, viungo vilivyolehemiwa vizuri, kishikio maalumu cha betri na matundu ya gesi. Kulehemu waya moja kwa moja juu ya betri ni kosa kubwa: joto la chuma cha kulehemia huyeyusha utando mwembamba unaotenga pande mbili za ndani. Kwa mtu asiye fundi, kununua kifaa kilichodhibitiwa tangu kiwandani na kilichopimwa kwa kiwango cha UL 8139 ni njia nyepesi na salama kuliko kurekebisha bomba. Duka linalobadilisha vifaa kwa ajili ya wateja huhesabiwa na sheria za shirikisho kuwa mtengenezaji, hivyo ahadi ya muuzaji kwamba atalitengeneza mara moja nyuma ya kaunta si ya kupokelewa kirahisi.

Betri zenyewe zitazamwe kwa jicho kali. Aina inayotumika zaidi huitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Januari 2021 tume ya shirikisho ya usalama wa bidhaa iliwaonya wananchi wasinunue betri hizo zikiuzwa moja moja, kwa sababu zimeundwa kufungwa ndani ya vifaa na viwanda. Iliyoandikwa uwezo wa 9900 ni ya uongo, kwani ya kweli ya ukubwa huo haifiki hata nusu yake. Mwili mzima wa betri ni upande hasi, na kinachoutenga na upande chanya kule juu ni ngozi ya plastiki na kipete chembamba. Ngozi ikichanika, betri isitumike. Na betri iliyotupwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu haihitaji kifaa chochote ili iwake. Kasha la plastiki la bei ndogo huondoa hatari hiyo.

Betri ichajiwe kwa chaja yake, juu ya kitu kigumu, mtu akiwa macho, si kitandani wala kwenye kochi, na mbali na mlango wa kutokea. Anayesafiri kwa ndege kwenda Nairobi, Muscat au kwingineko aibebe kwenye mzigo wa mkononi, kwani haruhusiwi kuiweka kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Na ajue kwamba nchi nyingine, Uganda ikiwa mojawapo, zimekataza vifaa hivi kuingizwa.

Mtu akiungua, avuliwe nguo isiyonatia ngozi, jeraha lipitishiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20, ipigwe simu 911, na mkalimani aombwe kwa kutaja neno «Swahili». Daktari aelezwe wazi kuwa ni betri ya lithiamu, maana kemikali yake huendelea kuunguza na huenda ngozi ikahitaji kupimwa. Betri mbovu isitupwe kwenye taka za nyumbani. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa gundi, kisha ipelekwe kwenye kituo cha kukusanyia betri.