Zamu ya Mwalimu Isiwe Jina Ubaoni

(Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi na watumishi wa Serikali wanaosimamia elimu.)



Kila siku ya masomo, kabla jua halijapanda, mamilioni ya wazazi wa Tanzania huwakabidhi watoto wao kwa watu ambao wengi wao hawajapata kuzungumza nao. Hakuna hati inayotiwa sahihi, wala hakuna shahidi anayeitwa. Mama humfunga mtoto vifungo vya shati, humpa kidumu chake cha maji au fagio lake, kisha humwacha aende. Tangu mtoto aingie katika kiwanja cha shule mpaka atoke, mzazi hana tena jicho juu yake. Jicho hilo amelikabidhi kwa mwalimu.

Makabidhiano hayo si hiari ya mzazi peke yake. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia umri, na ahakikishe kwamba anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Mzazi asiyefanya hivyo aweza kushtakiwa. Basi jambo hili lina pande mbili. Dola inayomwamuru mzazi amtoe mtoto wake nyumbani kwa sehemu kubwa ya siku imejitwika yenyewe deni la kumrudisha mzima. Haiwezi kudai haki ya kumpata mtoto na papo hapo ikakana wajibu wa kumlinda. Na kwa kuwa dola haina macho wala miguu yake yenyewe katika kiwanja cha shule, deni hilo huwaangukia walimu, na hasa yule ambaye jina lake limeandikwa ubaoni katika ofisi ya walimu kuwa ndiye mwalimu wa zamu.

Uzito wa zamu hiyo umeongezeka mwaka hata mwaka kwa sababu ya mafanikio ya nchi yenyewe. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote katika muda wa miaka mitatu, na utekelezaji wake ukatimia mwaka 1977. Ada iliporudishwa katika miaka iliyofuata, watoto wengi wa wakulima walibaki nje. Ikafutwa tena, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ukaanza mwaka 2002. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka zaidi kidogo ya milioni nne mwaka 2000 hadi kukaribia milioni nane mwaka 2006. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza kutolewa mpaka kidato cha nne, madarasa ya kwanza yalifurika kwa mara nyingine.

Hayo ni matunda ya kujivunia. Lakini katika kila hatua, hesabu iliyopigwa ilikuwa ya madarasa, madawati, vitabu na walimu wa kufundisha. Hesabu ya walimu wa kuangalia haikupewa uzito huo. Shule iliyokuwa na watoto mia tatu ikapata watoto elfu moja, na bado mwalimu wa zamu akabaki mmoja, au wawili kwa bahati. Kipimo kinachojulikana cha wanafunzi 45 kwa darasa huzungumzwa kila mahali, japokuwa shule nyingi hazikifikii. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kiwanja cha mapumziko chenye watoto mia nane kinahitaji watu wazima wangapi.

Ndugu Walimu, ukiitazama siku ya shule kwa makini, utaona kwamba hatari kubwa haikai ndani ya kipindi. Mtoto aliyeketi darasani mbele ya mwalimu wake yuko katika hali ya usalama zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa siku hiyo. Hatari hukaa katika mianya iliyo kati ya kazi na kazi: asubuhi watoto wamekwisha kufika na walimu bado, wakati wa usafi, ambapo wengine wanafagia, wengine wanafyeka nyasi na wengine wamekwenda kisimani, wakati wa mapumziko, wakati mwalimu mmoja ametoka darasani na mwingine hajaingia, na jioni, kengele ya mwisho inapolia na kila mtoto anataka kuwa wa kwanza kufika njiani. Ratiba ya masomo huonyesha mwalimu gani yuko wapi katika kila kipindi. Katika mianya hiyo ratiba haina jina la mtu, na hapo ndipo zamu inapohitajika.

Matukio machache ya miaka ya karibuni yanatosha kuonyesha ukweli huo. Mwezi Novemba 2017, katika shule moja ya msingi wilayani Ngara, mkoani Kagera, bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka asubuhi likaua wanafunzi watano na kujeruhi wengine zaidi ya arobaini. Mtoto alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu, akaja nalo shuleni. Mwezi Oktoba 2018, radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mkoani Geita. Na katika nchi jirani ya Kenya, tarehe 3 Februari 2020, watoto zaidi ya kumi walipoteza maisha mjini Kakamega walipokuwa wakishuka ngazi za jengo la shule yao wakati wa kwenda nyumbani. Waliangukiana na kukanyagana katika njia nyembamba.

Matukio hayo hayatajwi ili kumtafuta wa kulaumiwa. Walimu wa shule hizo walipata msiba pamoja na wazazi. Yanatajwa kwa sababu kila moja lina funzo. Lile la Ngara linafundisha kwamba ukaguzi wa asubuhi mstarini usiishie kwenye kucha, nywele na sare. Mwalimu anayepita mbele ya watoto aangalie pia walichobeba mikononi na mifukoni, na watoto waelezwe mara kwa mara kwamba chuma wasichokijua hakiguswi, bali mtu mzima huitwa. Funzo la Geita ni kwamba mvua ya radi haingoji kipindi kiishe: mwalimu wa zamu anapaswa kuwa na mamlaka ya kukatisha mchezo, kazi ya shamba au mstari mara mawingu yanapoanza kunguruma, akawaondoa watoto uwanjani na chini ya miti na kuwaingiza ndani ya jengo imara, na wajenzi wa majengo hayo wana wajibu wa kuweka kinga ya radi. Funzo la Kakamega ni kwamba hata kwenda nyumbani ni kazi inayohitaji msimamizi. Madarasa yasifunguliwe yote kwa mara moja. Wadogo watangulie, wakubwa wafuate, na mtu mzima asimame pale njia inapobana.

Zamu ya kweli, basi, ina mambo manne.

La kwanza ni mahali. Haitoshi kuandika ubaoni kwamba fulani yumo zamuni. Iandikwe atasimama wapi na saa ngapi. Kila shule ina mahali pake pa hatari, na walimu wanapajua: nyuma ya vyoo, kando ya kisima, penye mti mkubwa, penye jengo ambalo halijamalizika, na pale uwanja unapopakana na barabara. Mwalimu wa zamu aliyeketi ofisini akisahihisha madaftari wakati wa mapumziko bado yumo zamuni kwa jina tu.

La pili ni hesabu. Mfugaji huhesabu mifugo yake anapoitoa zizini, na huihesabu tena anapoirudisha. Hafanyi hivyo kwa sababu ana mashaka na mchungaji. Anajua kwamba mnyama aliyepotea akigunduliwa mapema hupatikana, na akigunduliwa usiku ameliwa. Daftari la mahudhurio huitwa asubuhi katika shule zote. Shule chache mno huhesabu tena baada ya mapumziko, baada ya watoto kurudi kisimani, au baada ya kazi ya shamba. Kuhesabu darasa hakuchukui dakika tano, wala hakuhitaji fedha.

La tatu ni makabidhiano. Mwalimu anayemaliza zamu amweleze anayeingia: ubao fulani umeng'oka, mtoto fulani ameugua, mtu asiyejulikana ameonekana karibu na uzio. Hayo yaandikwe katika kitabu cha zamu. Kitabu ambacho kila siku kimeandikwa "hali ni shwari" kwa mwandiko uleule na wino uleule hakimsaidii mtu.

La nne ni kujua mpaka wa kiranja. Viranja ni msaada mkubwa, na katika kuwaongoza wenzao hujifunza uongozi. Hata hivyo kiranja ni mtoto. Akiachiwa darasa zima pamoja na fimbo, huenda akawa yeye ndiye hatari. Akitumwa kutuliza ugomvi wa wakubwa, huenda akawa wa kwanza kuumia. Kazi yake ni kutoa taarifa kwa mwalimu, na taarifa hiyo haina maana ikiwa mwalimu haonekani.

Lipo pia suala la kazi za mikono. Tangu mwaka 1967, falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ilifundisha kwamba shule isitengane na kazi, na fundisho hilo halijapoteza thamani yake. Lakini kazi ya mtoto huwa elimu pale mtu mzima anapokuwapo kuisimamia. Watoto arobaini wenye majembe katika tuta moja bila nafasi kati yao ni ajali inayongoja wakati wake. Fyekeo lenye mpini uliolegea lisipewe mtoto. Wa darasa la kwanza na la pili wasitumwe kisimani wala mtoni peke yao. Na kazi ifanywe kwa manufaa ya shule, isiwe ya nyumbani kwa mwalimu.

Hapo inafaa kugusa jambo ambalo mara nyingi hunong'onwa tu. Si kila hatari anayokabiliwa nayo mtoto ni ya radi au ya barabara. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inataka ustawi wa mtoto utangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na inamlinda dhidi ya ukatili wa kila namna. Kwa hiyo mtoto asitolewe darasani na mtu yeyote ambaye mwalimu mkuu hamjui, hata akijiita mjomba. Asibakishwe peke yake na mtu mzima katika chumba kilichofungwa. Asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu. Mwalimu mwadilifu hana sababu ya kuona kanuni hizo kuwa tusi, kwa maana zinamlinda mtoto na zinalinda pia heshima ya mwalimu mwenyewe.

Wapo walimu watakaojibu kwamba wao ni wachache, kwamba vipindi ni vingi, kwamba nyumba za kuishi ziko mbali na shule, na kwamba zamu haina malipo yake. Hoja hizo ni za kweli, na haziwezi kufutwa kwa maneno ya kuhimizana. Hapa ndipo mtumishi wa Serikali aliye ofisini anapoingia. Ofisa anayewaita walimu watano wa shule yenye walimu tisa kwenye kikao saa nne asubuhi amewaacha watoto wa shule hiyo bila ulinzi, hata kama hakukusudia. Mhandisi anayepitisha barabara mbele ya shule bila matuta na kivuko ameiongezea zamu kazi isiyowezekana. Mdhibiti ubora wa shule anayekagua maandalio ya masomo na kuondoka bila kuomba kitabu cha zamu wala kutembea mpaka kisimani amekagua nusu ya shule. Kijiji na kamati ya shule nao wana lao: kufunika kisima, kufukia mashimo, kutengeneza uzio, na kuwakanya waendesha pikipiki wanaokatiza uwanjani.

Jambo la mwisho ni kujihadhari na usalama wa uongo. Shule inayowafungia watoto madarasani wakati wa mapumziko ili wasiumie imewanyima mchezo, na mchezo ni haki ya mtoto na sehemu ya kukua kwake. Magoti yatachubuka, na hilo halina dawa wala haliitaji. Mwalimu wa zamu hakuwekwa ili watoto wanyamaze anapotokea. Amewekwa ili wakimbie, wapige kelele na kurukaruka wakijua kwamba mtu mzima yupo, anaona, na atafika.

Ndugu Walimu, Ndugu Watumishi, taifa hupima shule zake kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na kipimo hicho kina mahali pake. Lakini upo mtihani mwingine unaofanywa kila jioni, ambao matokeo yake hayabandikwi ukutani. Mzazi hutazama njiani, na mtoto hutokea na kidumu chake. Kwa wengi hilo ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayemshukuru mwalimu kwa ajili yake. Basi na liendelee kuwa la kawaida kwa kila mzazi. Na ili liwe hivyo, mwalimu wa zamu kesho asubuhi awepo kiwanjani kabla ya watoto, wala asiondoke mpaka wa mwisho wao ameshika njia ya nyumbani.