PICHA NA HESHIMA YA ALIYEPIGWA PICHA
Mafunzo kutoka kazi ya Mohamed Amin

(Hotuba ya Ofisi ya Uratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Kisawasawa)



Tumeombwa kuzungumza juu ya picha zinazoambatishwa kwenye taarifa za miradi. Siku hizi wajumbe wengi wana simu yenye kamera, na picha ya leo asubuhi inaweza kufika Ulaya kabla ya jioni. Kabla ya kutoa maelekezo, tumeona vema tumtazame mtu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye picha zake ziliamsha dunia. Huyo ni Mohamed Amin.

Alikuwa nani?

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20, alianzisha hapohapo Dar es Salaam kampuni yake ya picha, Camerapix. Mwaka uliofuata alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar na kuwekwa gerezani karibu mwezi mmoja; baada ya hapo makao yake yakawa Nairobi.

Mwaka 1969 picha za filamu alizochukua Tom Mboya alipouawa zilimpatia nchini Uingereza tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huo. Kazi ilimpeleka Uganda, Ethiopia, Pakistan na hata Makka, ambako alitengeneza kitabu cha picha za mahujaji. Aliijua kanda hii kwa miaka mingi kabla jina lake halijajulikana duniani kote.

Njaa ya Ethiopia

Mwezi Machi 1984, tume ya serikali ya Ethiopia iliyoshughulikia misaada iliwaeleza wafadhili kwamba mamilioni ya watu wanakabiliwa na njaa. Takwimu zilikuwepo na maombi yalitolewa, lakini msaada uliofika haukutosha.

Mwezi Oktoba, Mohamed Amin alifika kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Huko Korem walikuta maelfu ya watu wamelala uwandani kwenye baridi ya alfajiri. Habari hiyo ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 1984, na baadaye ikaonyeshwa na zaidi ya vituo 400 vya televisheni duniani. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona, akawakusanya wenzake kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa ya Live Aid, London na Philadelphia.

Ndugu wajumbe, tufikirie jambo hili. Takwimu zilitolewa Machi. Picha za dakika chache zilionyeshwa Oktoba. Dunia iliamka Oktoba. Katikati ya miezi hiyo saba watu walikufa.

Ambacho picha haikueleza

Hata hivyo, waliotazama picha zile wengi walielewa neno moja tu: ukame. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini kulikuwa pia na vita. Serikali ya Mengistu ilipigana na wapiganaji wa Tigray na Eritrea, mashamba na masoko yakavurugika, na chakula hakikufika kirahisi maeneo yaliyokuwa mikononi mwa wapiganaji. Baadaye serikali hiyo ilihamisha mamia ya maelfu ya watu kutoka kaskazini kwenda kusini-magharibi, na wengi wao walipoteza maisha. Mtu aliyetoa mchango wake kwa moyo mweupe hakuona hayo kwenye picha.

Jambo la pili, picha ya mtoto aliyekonda ikawa ndiyo picha ya Afrika nzima. Mashirika yenyewe yaliliona tatizo hilo. Mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalipitisha mwongozo kuhusu picha na ujumbe wa nchi zetu. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yaliandika katika kanuni zao za maafa kwamba wanaosaidiwa waonyeshwe kama binadamu wenye heshima.

Hatusemi haya kumlaumu Mohamed Amin. Alikwenda ambako wachache walithubutu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa, naye Amin akapoteza mkono. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Kwetu Kilombero

Mtu akipiga picha ya shamba la mpunga lililozama, mfadhili ataona maji. Hataona kama mfereji uliziba, kama mbegu zilichelewa kufika, au kama mkulima alikodi ekari hizo na bado anadaiwa. Lakini mambo hayo ndiyo yanayoamua kama msaada unaofaa ni chakula, ni mbegu, au ni nguvu ya kuzibua mfereji.

Tena, watu wa Korem hawakukaa mbele ya televisheni jioni ile kujitazama. Watu wetu watajiona. Jarida hili husomwa Ifakara, Mang'ula na hapa Kisawasawa. Mama aliyepigwa picha akiwa na mtoto dhaifu atakutana na majirani zake Jumapili.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Aombwe ruhusa kwanza, na aelezwe picha itakwenda wapi. Akikataa, msaada wake usipungue hata kidogo.

2. Chini ya kila picha iandikwe ni nini, wapi, lini, na kwa sababu gani imekuwa hivyo.

3. Mtoto au mgonjwa asionyeshwe kwa namna ya kumfedhehesha, wala jina lake lisitajwe.

4. Zipigwe pia picha za watu wakitatua shida yao wenyewe, si wakingoja tu.

5. Aliyepigwa picha apewe nakala.

Nanyi wafadhili wetu, tunawaomba: picha ikiwagusa, toeni, kisha ulizeni sababu. Swali hilo hutusaidia kupeleka mchango wenu mahali panapostahili.